Ndege Aliyeita Upande wa Kushoto

Nilirudi Eldoret na masanduku matatu, msumeno wa injini ambao mfano wake ulikuwa bado haujaonekana hapa mjini, na diploma ya utunzaji wa miti. Nataja diploma mwisho ingawa ndiyo ya kwanza kwa uzito. Niliisomea jioni kwa miaka miwili huko Uingereza, mchana nikipanda miti ya watu kwa kamba na kuipunguza matawi, na mtihani wa vitendo nilipita mara ya kwanza, jambo lililowashinda wenzangu wawili waliozaliwa hukohuko. Hakuna mjomba aliyenilipia karo. Hakuna harambee iliyofanywa. Nilikwenda na koti moja, nikarudi na taaluma, na leo mti mkubwa ukiinamia paa la mtu mahali popote kati ya Soy na Ainabkoi, simu inayolia ni yangu.

Katika masomo hayo kulikuwa na somo la ndege. Kule sheria haikuruhusu kukata mti wenye kiota kilicho na mayai, kwa hiyo mkata miti ni lazima ajue nani anaishi wapi kabla hajawasha mashine. Wenzangu waliliona somo hilo kama adhabu. Mimi nililipenda, na insha yangu ya mwisho ilisomwa na mwalimu mbele ya darasa. Niliiandika juu ya ndege mmoja mdogo wa msituni, mwepesi kuliko rundo la funguo. Mgongo wake una rangi ya nyasi zilizoanza kukauka, kifua kina umanjano hafifu, na juu ya jicho ana mstari mweupe kana kwamba mtu amempima kwa rula. Miguu yake ni rangi ya chai ya maziwa. Waingereza wamempa jina la mti unaoota kando ya mito yao. Kwetu sijasikia akiitwa jina lolote, watu husema tu, "kale kandege."

Chakula chake ni wadudu: vidukari, viwavi wadogo, mbu, nzi. Hatulii. Anakwenda jani kwa jani, anakagua chini na juu kama karani wa kaunti anayetafuta leseni. Kiota hujenga chini kabisa, ndani ya majani, kina paa la mviringo na mlango ubavuni kama tanuri dogo la kuokea mikate. Analea wanawe wakati wa joto. Baridi ikikaribia na wadudu wakianza kuisha, anaondoka usiku, anavuka bahari, anavuka jangwa, na kuja Afrika. Watoto waliozaliwa mwaka huohuo nao hufunga safari, na hakuna mzazi wa kuwashika mkono. Nilipoyaandika hayo nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, niko kwenye chumba chenye dirisha moja, na nakiri kwamba insha ile niliiandika kwa moyo kuliko ilivyohitajika.

Sasa nieleze kilichotokea Oktoba ya kwanza baada ya kurudi. Nimesimama uani kwangu, upande wa Chepkoilel, napiga mswaki. Kwenye mgunga ulio karibu na tangi la maji nikasikia sauti laini inayopanda mwishoni, kama mtu anayeuliza swali kwa aibu: huu-iit. Nilimeza dawa ya meno. Nikasimama vilevile, povu mdomoni, nikamtafuta mpaka nikamwona, mstari wa jicho na miguu ya chai, anapekua majani ya mgunga wangu kana kwamba hatimiliki ni yake.

Habari hiyo niliitangaza kanisani, kwenye duka la vyuma na kwa kinyozi. Kinyozi aliniuliza ndege alilipa nauli shilingi ngapi. Watu wa mji huu hawajui kupokea elimu ya bure.

Mtu mmoja tu alinisikiliza hadi mwisho, na huyo nikamchumbia. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Ainabkoi, ambako niliitwa kuangusha mti uliokuwa unatishia paa. Nilimweleza habari za ndege huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Aliponiruhusu kumaliza alisema, "Sawa. Sasa angusha mti." Nikajua huyu ni mwanamke wa kuoa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hakuwa na haraka na mtu, na baba yake alikuwa karani wa mahakama mstaafu aliyekuwa maarufu kwa kuwarudisha wachumba nyumbani. Watatu walishatangulia kurudishwa.

Kwetu mtu hajiposei. Ujumbe wa ukoo ndio unaokwenda nyumbani kwa binti, mazungumzo yanaitwa koito, na mwoaji hukaa kimya kama mzigo uliopelekwa kupimwa. Nyinyi mnaonijua mtaelewa ugumu wa sehemu hiyo. Mkuu wa ujumbe wetu alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, mzee wa kanisa. Tarehe ya kwanza tuliahirisha kwa sababu alikuwa na msiba. Karani mstaafu akakubali tarehe ya pili, Desemba, lakini akatuma ujumbe mfupi: kesi ikiahirishwa mara mbili inafutwa. Mchumba wangu aliniambia kwenye simu kwamba baba yake hakuwa anatania. Kwa hiyo siku ile ilikuwa ni kufika au kukosa mke.

Tulikuwa wanne garini. Binamu yangu aliendesha, baba mdogo alikaa mbele, shangazi na mimi nyuma pamoja na sukari na majani ya chai. Baba mdogo aliomba sala ndefu ya kututakia safari njema, akasema amina, kisha akasema, "Fungueni madirisha yote. Tunasikiliza ndege."

Hiyo ni desturi ya ukoo wetu. Wanaokwenda kuposa husikiliza njiani. Ndege akiita upande wa kulia, safari ina heri. Akiita kushoto, mnageuza, mnarudi nyumbani, mnajaribu siku nyingine.

"Baba mdogo," nikasema, "wewe ni mzee wa kanisa."

"Mungu aliumba ndege siku ya tano," akajibu bila kugeuka. "Mtu aliumbwa siku ya sita. Mkubwa ni nani?"

Madirisha yakafunguliwa. Desemba barabara za huko ni vumbi tupu, na mimi nilivaa suti ya kijivu niliyoshonewa kwa vipimo. Tulipofika njia ya udongo mwekundu wa murram inayopita kati ya mashamba ya ngano na kipande cha msitu, suti ilikuwa ya kahawia na shangazi alikuwa amejifunga kilemba mpaka puani. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ndege wote wamekwenda likizo. Hapo ndipo kombaini ikatokea kwenye kona, imejaza njia yote, inatoka kuvuna ngano ya mtu. Kombaini haipishi. Binamu akatia gia ya nyuma, akageuza shingo, akaanza kurudi polepole kutafuta lango la shamba. Tulipokuwa tunarudi hivyo, msituni ndege akaita.

Huu-iit.

"Simamisha gari," akasema baba mdogo.

"Mzee, kombaini itatupanda."

Tukajibanza langoni, kombaini ikapita, vumbi likatulia. Sote tulikuwa tumesikia.

"Upande gani?" akauliza baba mdogo, ingawa alijua.

"Kushoto," akasema shangazi kwa huzuni.

"Kushoto kwa nani?" akauliza binamu. "Gari lilikuwa linarudi nyuma. Ukirudi nyuma, kushoto inakuwa kulia."

"Sikio halina gia ya nyuma," akasema baba mdogo. "Nimesikia kwa hili." Akalishika sikio lake la kushoto, akalivuta, ili pasiwe na shaka.

"Lakini mimi ndiye dereva, na nilikuwa nimegeuza kichwa naangalia nyuma. Kwangu ameita kulia kabisa."

"Basi wewe nenda ukaoe," akasema shangazi.

Niliona ndoa yangu inafia kwenye lango la shamba la ngano. Nikaamua kutumia elimu.

"Baba mdogo, ndege wa kazi hii ni nani? Si kigong'ota?"

"Ni kigong'ota."

"Huyu si kigong'ota. Huyu namjua, nimemwandikia insha. Si wa hapa hata. Amekuja Oktoba kutoka Ulaya. Ataondoka kabla ya katikati ya mwaka. Hajui koito, hajui ukoo wetu, hajui hata kama tunakwenda kuposa au kununua viazi. Anaita kwa sababu ameona mdudu."

"Vigong'ota wamekwisha," akasema baba mdogo. "Miti mikubwa mmeikata nyinyi wenye misumeno. Huyu anakaimu."

"Hawezi kukaimu! Si raia!"

"Nawe umekuja juzi kutoka hukohuko," akasema shangazi, "na mbona unatufundisha?"

Binamu alicheka hadi akaweka paji la uso kwenye usukani. Mimi sikucheka. Nikamkumbusha baba mdogo maneno ya karani kuhusu kesi iliyoahirishwa mara mbili. Akalivuta sikio tena. Kisha akatoa uamuzi wa mzee wa kanisa: tutaendelea na safari, lakini hataingia nyumba ya mtu na siri kifuani. Tukifika atawaeleza wenyeji kuhusu ndege, na wao wenyewe waamue kama tunastahili kukaribishwa. Nilimsihi asiseme. Aliniuliza kama kule nilikosoma wanafundisha watu kuficha mambo kwa wakwe.

Karani mstaafu alitupokea mlangoni amevaa sweta na tai. Ndani walikuwa wazee watano wa ukoo wake na harufu ya nyama iliyokuwa tayari. Kabla hatujakaa, baba mdogo alivua kofia akaeleza yote: kombaini, gia ya nyuma, sikio. Alieleza hata hoja ya binamu, kwa haki. Wazee wa upande wa pili walisikiliza kwa makini kuliko walivyowahi kumsikiliza mbunge. Kisha wakagawanyika. Wawili walisema safari ya kurudi nyuma si safari, kwa hiyo ndege alikuwa anazungumza na kombaini. Wengine watatu walisema kushoto ni kushoto.

"Na huyu kijana anasema ndege ni mgeni," akamalizia baba mdogo. "Anasema amemsomea."

Karani akanitazama. Nina miaka arobaini na mitatu, lakini kwenye koito ni kijana.

"Amemsomea wapi?"

"Nina diploma," nikasema. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Mwacheni," akasema karani. "Shahidi mtaalamu anaruhusiwa. Simama, kijana. Ndege huyu anatoka wapi?"

Nikasimama. Naweza kusema bila majivuno kwamba nilieleza vizuri. Nilieleza bahari na jangwa, safari za usiku, watoto wasioshikwa mkono. Wazee walitikisa vichwa kwa mshangao. Nikaona jambo linageuka kuwa zuri, nikaongeza sauti.

"Na hapa kwetu," akauliza karani, "anajenga kiota?"

"Hapana, Mzee. Kiota anajenga kulekule."

"Watoto?"

"Kulekule."

"Hapa anafanya nini?"

"Anakula, Mzee. Anabadilisha manyoya. Akishanenepa anaondoka."

Nilisikia sufuria ikifunikwa jikoni.

"Anaimba?" akauliza mzee mmoja.

"Kidogo. Wimbo kamili anauimba kule, wakati wa kutafuta mke."

"Ahaa," wakasema wazee watatu kwa pamoja.

"Na mke huyo," akasema karani polepole, "ni huyohuyo kila mwaka?"

Hapo ndipo palipokuwa mtego. Jibu lililotakiwa nililijua, kila mtu chumbani alilijua. Shangazi alinitazama kwa macho ya kuomba. Ningeweza kusema ndiyo, na nani angekwenda Uingereza kuhakikisha? Lakini insha ile ilikuwa na jina langu juu yake.

"Mara nyingi hapana, Mzee," nikasema. "Na dume mwingine huwa na wake wawili, kila mmoja na kiota chake."

Baba mdogo alifunika uso kwa kofia.

"Kwa hiyo," akasema karani, akihesabu kwa vidole, "anakuja hapa mikono mitupu, anakula, anavaa manyoya mapya, ananenepa, anarudi kwao kuimbia wanawake. Na wewe umekaa huko miaka kumi na miwili."

"Mzee, tulikuwa tunazungumza juu ya ndege."

"Mimi bado nazungumza juu ya ndege. Wewe unazungumza juu ya nani?"

Kicheko kilianzia kwa mzee wa mwisho kikazunguka chumba chote hadi kwa binamu yangu, ambaye hakupaswa kucheka. Nilibaki nimesimama na suti yangu ya vumbi. Nilitaka kuwaambia juu ya ploti niliyonunua kwa mikono yangu, tangi la maji, wafanyakazi wanne. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini karani alikuwa tayari amemwita binti yake.

Mchumba wangu akaja mlangoni, amefunga aproni. Akaulizwa swali la desturi, kama anawafahamu watu hawa.

"Nawafahamu."

"Na huyu aliyesimama?"

"Namfahamu. Anaongea sana."

"Tumeona. Umesikia alivyojibu kuhusu wake wawili?"

"Nimesikia. Wale wachumba watatu wa kwanza wangesema ndege ana mke mmoja." Akafuta mikono kwenye aproni. "Baba, nyama inapoa."

Karani akanyoosha tai yake. Kisha akatoa uamuzi, na nauandika hapa kama alivyoutamka, kwa sababu sijasikia mwingine kama huo katika wilaya hii. Ndege alikuwa ameita kushoto, kwa hiyo posa isikubaliwe siku ile. Lakini shahidi mwenyewe amesema ndege ni mgeni na ataondoka. Basi posa isikataliwe pia. Tusubiri. Ndege wote wa aina hiyo wakishaondoka na mimi nikiwa bado nipo, koito itaendelea. Nikiondoka nao, jibu litakuwa limejitoa lenyewe.

"Sasa tule," akasema.

Baba mdogo alikuwa na furaha njia nzima kurudi. Alisema ndege alikuwa amesema kweli na kila mtu alikuwa ameheshimiwa. Mimi nilihesabu miezi. Nilijua kuliko mtu yeyote Uasin Gishu ndege wale huondoka lini, na nilijua kwamba hawana haraka.

Kwangu walikuwa watatu kwenye mgunga. Nilianza kuwachunguza kila asubuhi, si kwa mapenzi kama zamani bali kama mwenye nyumba anayesubiri mpangaji ahame. Januari wakaanza kubadilisha manyoya. Ndege huyu ni wa ajabu katika jambo hilo: wengi hubadilisha nguo zao zote mara moja kwa mwaka, yeye mara mbili, kule na hapa. Mmoja alibaki na mkia wa manyoya machache tu, na alikuwa akiruka upande. Nikasema moyoni, kwa hali hii hafiki hata Turbo hapo jirani, sembuse Ulaya. Karani naye alianza kunitumia ujumbe kila Jumatatu. Haukuwa na salamu. "Bado wapo?" Nami nikijibu, "Bado wapo, Mzee."

Februari walikuwa wazuri kabisa, wamevaa upya, umanjano umerudi kifuani. Machi wakaanza kunenepa. Mvua ziliponyesha, kumbikumbi wakatoka ardhini, vidukari wakajaa kwenye majani mapya, na mgunga wangu ukawa hoteli. Ndege wadogo wakawa mviringo. Wakaanza na kuimba, wimbo ule unaoanzia juu na kushuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi huku akikumbuka jambo la huzuni. Kule nilikuwa nikizima msumeno ili niusikie. Sasa nilikuwa nimesimama chini ya mti nikisema, "Mmeshashiba. Nendeni."

Binamu alikuja na ushauri. "Washa msumeno chini ya mti dakika tano tu. Watahama wenyewe."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nina diploma."

"Diploma itakupikia?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaushika msumeno siku moja kabla, nikausogeza hadi karibu na tangi, nikaurudisha stoo. Ndege anayejiandaa kuvuka jangwa huhitaji kila mdudu anayempata. Mafuta yale ya mwilini ndiyo petroli yake, na sehemu kubwa ya njia ile haina kituo. Ukimfukuza mapema unamuua mbali, mahali ambapo hutamwona. Niliyaandika hayo mwenyewe. Ningewezaje kuyafuta kwa ajili ya kupata mke?

Mchumba wangu alikuja Jumapili moja baada ya kanisa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukimtazama mmoja akichokonoa gome.

"Baba anauliza kwa nini wanachelewa," akasema.

"Mwambie mvua imeleta wadudu wengi."

"Nimemwambia. Anasema unawalisha."

"Mimi!"

"Natania." Kisha akageuza kiti chake kunielekea. "Wewe hutamani kwenda nao?"

Ni swali ambalo mtu yeyote aliyekaa kule huulizwa, na mimi huwa nina jibu refu lenye ploti na wafanyakazi ndani yake. Siku ile sikulitoa. Nilimwambia mwaka wa kwanza baada ya kurudi nilitamani, hasa asubuhi, na kwamba sasa hali ile imepita. Alitikisa kichwa. Akasema, "Waache washibe, basi. Safari ni ndefu." Akaenda kuniwashia jiko, maana chai yangu alikuwa ameshaionja.

Wa kwanza aliondoka mwanzoni mwa Aprili. Huoni wakiondoka, asubuhi unaamka na mti una sauti moja pungufu. Wa pili alifuata baada ya wiki. Wa tatu, yule aliyekuwa na mkia mbovu, alibaki. Siku zikaenda. Ndipo Jumatatu moja, tofauti na Jumatatu nyingine, karani hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, saa moja asubuhi, amevaa tai.

Nilimtolea kiti, tukakaa chini ya mgunga. Hakutazama nyumba, hakutazama tangi, hakuuliza wafanyakazi ni wangapi. Alipita sebuleni kunawa mikono na hakusimama mbele ya diploma iliyo ukutani hata nukta. Alikaa tu, mikono juu ya fimbo, akisikiliza. Nami nikasikiliza. Mbali kulikuwa na ng'ombe, na trekta, na kunguru wawili wakigombana. Mgunga ulikuwa kimya. Dakika kumi zikapita, labda kumi na tano. Moyo wangu ulianza kupanda. Nikajiambia, ameondoka usiku wa jana. Ameondoka!

"Sasa," akasema karani, "naona mti—"

Huu-iit.

Alikuwa juu ya vichwa vyetu, tawi la tatu. Nilimwona. Mnene, safi, mstari wa jicho umenyooka, akanitazama kwa upande kisha akachomoa kiwavi kwenye jani. Karani hakuinua kichwa. Ana miaka sabini na kitu, nikafikiri, labda masikio yamechoka. Ningeweza kunyamaza. Nilikaa na jambo hilo kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko safari ya kwenda Ulaya.

"Mzee," nikasema, "bado yupo mmoja."

"Wapi?"

"Hapo juu. Ameita sasa hivi."

"Mimi sijasikia kitu."

"Ameita, Mzee. Hata kiwavi nimeona akila."

"Kijana," akasema karani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake, "mimi ndiye niliyetoa amri, na mimi ndiye ninayesikiliza. Nimesema sijasikia kitu. Mwambie baba yako mdogo aje Jumamosi."

Ndege akaita tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza. Karani akakohoa, akapandisha sauti yake juu ya ile ya ndege, akaniuliza kama ng'ombe nitakaowaleta wamechanjwa.